Kichekesho Kisichochekesha

Februari 2021, kwenye kilele cha Siku ya Sheria jijini Dodoma, Rais John Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani, akasema hadharani kuwa kilichomfurahisha ni jaji huyo kuandika hukumu kwa Kiswahili kule Musoma. Mwaka huohuo sheria ikabadilishwa. Lugha ya sheria na ya mahakama za Tanzania ikawa Kiswahili, Kiingereza kikabakiwa na nafasi pale haki inapokihitaji. Sisi tuliozeekea kwenye meza za kutafsiri habari tulidhani tumeshastaafu. Kumbe! Vijana wanaogeuza mienendo ya kesi na hukumu za zamani hutuletea rasimu zao, wengine kwa adabu zote za "shikamoo mzee, naomba unitupie jicho", wengine wanarusha tu faili kwenye WhatsApp saa nne usiku.

Rasimu moja ilihusu mgogoro wa kiwanja. Shahidi alieleza kwamba alilipa fedha taslimu, usiku, bila risiti wala mtu wa pembeni wa kushuhudia, kwa sababu muuzaji alikuwa na safari ya alfajiri. Wakili wa upande wa pili akayaita maelezo hayo ludicrous, akalirudia neno hilo kwenye majumuisho, na akalirudia tena alipokuwa anafunga hoja zake. Mtafsiri, kijana makini kwa mambo mengine, aliliandika kwa sura tatu: kwanza maelezo "ya kuchekesha", kurasa chache mbele maelezo "ya kipuuzi", na mwishoni maelezo "ya uongo".

Mbili za mwanzo ningeweza kuzivumilia. Ile ya tatu ilinikalisha kitako, maana ilinirudisha kwenye ugomvi ninaoufahamu tangu nikiwa na kaptula.

Neno lenyewe nililisikia mara ya kwanza miaka ya mwisho ya 1970, kidato cha pili, shule ya bweni mkoani Tanga. Shule ile, kama nyingi za wakati huo, ilikuwa na kibao. Ukikamatwa unazungumza Kiswahili unavishwa shingoni, unatembea nacho mpaka umkamate mwenzako. Kibao chetu kilikuwa kipande cha bati chenye matundu mawili na kamba ya katani, maandishi yake yamefutika kwa jasho la shingo za vizazi vya wanafunzi. Siku hiyo mwalimu wa zamu alimkamata mwenzetu dirishani kwa jiko akiomba ukoko. Kijana akajitetea, kwa Kiingereza cha kuungaunga lakini kilichoeleweka, kwamba mpishi hajui Kiingereza. Angeomba ukoko kwa lugha gani?

Mwalimu alimtazama, akatamka neno moja tu: ludicrous. Akamvisha kibao, akaenda zake.

Mchana huo tulijazana maktaba kwenye kamusi kubwa ya pekee ya shule, tukakuta neno linahusu mambo ya kuchekesha. Hapo tukachanganyikiwa zaidi, kwa sababu hakuna aliyecheka, si mwalimu, si mpishi, wala mwenye kibao. Nilichelewa kuona kwamba jibu la yule kijana lilikuwa la kweli tupu. Mpishi hakujua Kiingereza, na mwalimu alilifahamu hilo kuliko sisi, kwa kuwa yeye mwenyewe alizungumza naye Kiswahili kila asubuhi kuhusu chai ya walimu. Asingeweza kusema "unadanganya". Hoja ilimshinda, basi akaitia kicheko na ikaisha hapo. Mwenzetu alivaa bati mpaka Jumamosi.

Niliajiriwa katika gazeti la Kiswahili Dar es Salaam miaka ya 1980, nikapangiwa dawati la habari za nje. Habari zilikuja kwa teleksi kupitia Shihata, shirika la habari la taifa wakati huo, karatasi ndefu zinazojikunja zenyewe, herufi zote kubwa, Kiingereza chote. Kazi yetu ilikuwa kuzigeuza Kiswahili kabla kurasa hazijafungwa. Mhariri wa zamu alikuwa mzee aliyekuwa mwalimu kabla hajaingia magazetini, miwani yake mkono mmoja umefungwa kwa uzi mweusi. Hakupiga kelele. Alikuwa na tabia ya kukuita mezani kwake na kukuonyesha kwa kidole, neno kwa neno, na hapo ungetamani angepiga kelele.

Enzi hizo habari za Makaburu zilikuwa chakula chetu cha kila siku. Umoja wa Mataifa ulishaweka vikwazo vya lazima vya silaha dhidi ya Afrika Kusini tangu 1977, na kila baada ya muda serikali fulani ya Ulaya ilituhumiwa kwamba kampuni zake zinavikiuka kwa mlango wa nyuma. Jioni moja teleksi ikaleta majibu ya msemaji wa serikali moja ya aina hiyo. Msemaji alisema tuhuma zile ni ludicrous, na kwamba serikali yake haina la kuongeza. Mwenzangu wa meza ya jirani akaandika kichwa cha habari kwa haraka kwamba nchi ile "yakanusha" kuuza silaha kwa Makaburu.

Mzee akatuita wote wawili. Akatandaza karatasi ya teleksi, akaishika pembe zisijikunje.

"Hapa amekanusha wapi? Nionyesheni."

Mwenzangu akaonyesha lile neno.

"Hapo amecheka," mzee akasema. "Mtu akiulizwa kama ameiba kuku wa jirani, naye akacheka, mtaandika kwamba amekana?"

Akachukua kalamu nyekundu, akakata "yakanusha", juu yake akaandika "yabeza". Kisha, kama mtu aliyekumbuka kwamba tuna mitambo inayotusubiri, akaongeza kuwa neno hilo ni fupi pia na litakaa kwenye safu bila kubanwa. Nusu ya hekima ya usanifu wa magazeti ilikuwa namna hiyo: ukweli wa habari na upana wa safu vinakutana kwenye neno moja na mhariri anajifanya haoni bahati yake.

Nilichojifunza pale kimenifaa kuliko vitabu vingi. Kiingereza kina hila kwenye sifa kama hiyo. Kikisema madai ni ludicrous, uchekeshaji unabandikwa kwenye madai yenyewe, utadhani umo humo ndani kama chumvi ilivyo baharini. Anayesema hajulikani yuko wapi. "Kubeza" ni kitendo, na kitendo kwa Kiswahili kwa kawaida huwa na mwenyewe: fulani amebeza. Msomaji wa Manzese au Makorora anaelewa papo hapo kwamba kuna mtu amefanya dharau, na anaweza kujiuliza kwa nini mtu huyo amechagua dharau badala ya jibu.

Kiswahili, tukisema ukweli, kina maneno ya mambo ya ajabu kupita kiasi, na kila moja lina mahali pake. Kioja kinataka watazamaji; hakuna kioja cha mtu aliye peke yake chumbani. Kituko ni cha mtendaji, na mtu mwenyewe anaweza kugeuka kituko akizidisha. Mzaha na masihara hulalamikiwa na aliyefanyiwa: "unaniletea masihara" husemwa na aliyechukizwa, hata kama wengine wamevunjika mbavu. Upuuzi hauna kicheko hata kidogo. Kichekesho ndilo lenye nyuso mbili, kwa kuwa ni mchezo wa kuigiza unaokupa raha na pia ni hukumu, kama raia anaposema barabara mpya kubomoka kabla ya kuzinduliwa "ni kichekesho". Katika hukumu ya aina hiyo anayesema hacheki, na hapo ndipo Kiswahili na Kiingereza vinapokaribiana kuliko mahali pengine popote.

Kwa muda nilikuwa natumia mapumziko ya mchana kwenye maktaba ya British Council, ambako kulikuwa na kamusi nene za Kiingereza na, faida isiyotajwa sana, ubaridi wa kiyoyozi. Nikakuta kwamba neno hili lina asili ya Kilatini, ludus, maana yake mchezo. Mwaka 1755 Samuel Johnson alipochapisha kamusi yake maarufu bado alilieleza kwa upole, jambo la furaha, la mchezo, la kuleta kicheko. Ni kuelekea mwisho wa karne ile ya 18 ndipo dharau ilipolitwaa. Kilichonivunja mbavu ni kwamba kwa Warumi ludus ilikuwa pia na maana ya shule. Nilimkumbuka mwalimu wetu wa zamu na bati lake.

Baadaye nilipelekwa Uingereza kwa kozi ya uhariri. Wenyeji wangu huko walilitumia neno hili kama sisi tunavyotumia "jamani". Mama mmoja mbele yangu kwenye foleni ya tiketi za treni aliambiwa nauli, akageuka nyuma akaniambia, kwa sauti ya chini kabisa kana kwamba ananijulisha msiba, kwamba bei hiyo ni ludicrous. Kisha akalipa. Mvua ya kiangazi ilikuwa hivyo, kofia ya jirani ilikuwa hivyo, na jamaa mmoja aliyejenga nyumba kubwa aliitwa tajiri kupindukia kwa neno hilohilo likiwa kielezi, bila dharau wala kicheko, kwa kipimo tu. Niliona pia kwamba ni nadra kumtamkia mtu usoni kuwa yeye ndiye ludicrous. Husemwa wazo lake, bei yake, kofia yake. Sisi hatuna subira hiyo: "We kituko kweli!" tunamwambia mtu mwenyewe, naye anacheka, na urafiki unaendelea.

Kilichonifungua macho zaidi ni siku niliyopanga foleni kuingia roshani ya wageni ya Bunge lao pale Westminster. Mbunge wa huko haruhusiwi kumwita mwenzake mwongo. Akimwita, Spika anamtaka afute kauli, na akikaidi anatolewa nje. Kwa sababu hiyo wamejenga ufundi mkubwa wa kulizunguka neno "uongo". Winston Churchill mwaka 1906 alitengeneza maneno mawili marefu yenye maana ya kutokuwa sahihi kwa istilahi, na mpaka leo Waingereza wanayatumia kwa utani wanapomaanisha uongo. Ila kusema hoja ya mbunge mwenzako ni ludicrous? Ruksa kabisa. Mchana ule nililisikia likirushwa kutoka upande mmoja wa ukumbi, likarudishwa kutoka upande wa pili, na Spika hakuinua hata uso. Nikamkumbuka mzee wangu wa miwani ya uzi. Hakuwahi kukaa kwenye roshani ile, lakini alikuwa ameielewa siasa yake kutoka kwenye karatasi ya teleksi. Neno hili linastawi pale ambapo "uongo" umepigwa marufuku, au pale ambapo msemaji hataki kubanwa baadaye na alichosema. Akija kuumbuliwa kwa nyaraka, hajasema uongo. Alibeza tu.

Ningependa kusema kwamba Bunge letu ni tofauti, lakini Kanuni zetu nazo zinakataza lugha ya matusi, ya kuudhi na ya kudhalilisha, na waheshimiwa wetu wana njia zao za kupita. "Mheshimiwa anatuchekesha" ni sentensi ambayo sijasikia ikiombewa mwongozo wa Spika.

Hapa lazima niseme juu ya vichekesho vya kweli, kwa sababu vijana wanaoniletea rasimu huchanganya kinachochekesha kwa makusudi na kinachochekwa. Nikiwa kijana nilikuwa nikivuka mpaka kwenda kwa mjomba Mombasa, na huko usiku wa kipindi cha vichekesho cha Vioja Mahakamani hakuna aliyeondoka mbele ya televisheni. Mshtakiwa anapanda kizimbani, analaumu kila mtu isipokuwa yeye, anampinga mwendesha mashtaka kwa mantiki ambayo ukiifuata inakurudisha ulikotoka. Siri ya mchezo ule ilikuwa kwamba mshtakiwa anaamini kila neno analosema. Angekonyeza hata mara moja, nyumba nzima ya mjomba ingelala.

Amri Athumani, mzee wetu wa Tanga ambaye nchi ilimjua kama King Majuto, alikuwa na ufundi huo kuliko wote. Nilimwona jukwaani zamani, kabla ya enzi ya filamu za DVD. Alipoingia alikuwa amenuna. Amekunja uso, amebana midomo, ana madai yake anayataka sasa hivi, na jinsi alivyozidi kukasirika ndivyo ukumbi ulivyozidi kuanguka. Alifariki Agosti 2018, na mpaka leo sikumbuki kumwona akicheka utani wake mwenyewe. Majuto mwenyewe hakuwa ludicrous hata siku moja. Wahusika wake ndio waliokuwa hivyo, wale wazee wabahili na wapenda mabinti wanaojiona wana akili kupita mtaa mzima. Neno hili linamfuata asiyejua kwamba anachekesha. Ndiyo maana linauma likielekezwa kwa shahidi aliyeapa.

Kizazi cha sasa kimelipata kwa njia nyingine. Binti yangu alipokuwa shule ya msingi alisisitiza linaandikwa kama jina la mwanamuziki Ludacris wa Atlanta, na hakuna kamusi iliyomshawishi mpaka alipofika sekondari. Mwaka 2015 kampuni ya Tesla iliipa kasi kubwa ya magari yake jina la neno hili, kwa mzaha uliotoka kwenye filamu ya Spaceballs ya mwaka 1987, ambamo chombo cha angani kinavuka kasi ya mwanga na kuingia kasi ya kichekesho. Kwa vijana, basi, ni sifa ya kujivunia. Sina ugomvi na hilo. Maneno husafiri.

Ugomvi wangu ni ule wa mahakamani. Yule mtafsiri nilimpigia simu tukakaa naye kwenye rasimu jioni nzima. Nilimuuliza kwa nini mwishoni aliandika "uongo". Akanijibu kwamba wakili alikuwa amerudia neno hilohilo mara nyingi na yeye aliona kurudia si vizuri kwa Kiswahili, tena, "mzee, si alikuwa anamaanisha hivyohivyo?" Inawezekana wakili alimaanisha. Hakusema. Kusema ushahidi uliotolewa kwa kiapo ni wa uongo ni kumtuhumu shahidi kwa kosa la jinai, na wakili mwenye uzoefu anajua kukaa upande wa salama wa mstari huo. Alichofanya ni kumwonyesha hakimu maelezo yale na kumwalika ayacheke. Jaji wa rufaa akiyasoma kwa Kiswahili anatakiwa aone mwaliko ule ule, si tuhuma ambayo mtafsiri ameitunga kwa kuchoka kurudia.

Tukakubaliana hivi. Pale wakili ananukuliwa, iwe "maelezo haya ni kichekesho", na irudiwe kila aliporudia, kwa kuwa marudio yale yalikuwa sehemu ya shambulio lake. Pale mwandishi wa kumbukumbu anasimulia, iwe "wakili aliyabeza maelezo hayo". Na kama jaji mwenyewe atakuja kulitumia neno hili katika hukumu yake, jambo ambalo majaji wa Kiingereza hulifanya, mtafsiri apime. Mara nyingi jaji anakuwa ameshapima ushahidi na kuukuta mwepesi, na kwa hapo mahakama zetu tayari zina msemo wake wa kila siku, kwamba hoja "haina mashiko". Kama jaji alikusudia dharau, kitabaki kichekesho, na aibu au sifa ya dharau hiyo itakuwa yake.

Kijana alisahihisha kurasa zote, ila alinilalamikia jambo moja ambalo sikuwa na cha kumjibu. Kamusi aliyokuwa akitumia ilimpa visawe vimepangwa mstari mmoja vikitenganishwa kwa mikato, bila mfano wa sentensi, bila kumwambia ni kipi cha jukwaani na kipi cha kizimbani. Kwa mwanafunzi wa kidato cha pili pengine hiyo inatosha. Kwa mtu ambaye tafsiri yake itaamua kama mwenzake anabaki na kiwanja, haitoshi.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa BAKITA na kwa wenzetu wa TATAKI pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mahakama sasa zinazalisha Kiswahili kingi cha kesi na hukumu, na Bunge lina Hansard yake ya Kiswahili ya miaka mingi. Tumieni kumbukumbu hizo. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili itakayofuata iwe na sentensi za mfano kutoka humo, na kwenye maneno ya dharau kama hili ionyeshe nani aliyatamka, kwa nani, na akiwa amesimama wapi.